Chupa ya Hewa na Mkono wa Sweta

Dada yangu aliikuta kwenye begi langu akadhani ni chupa ya chai. Aliitikisa, akaiweka sikioni, akauliza mbona nzito hivi na kifuniko chake kiko wapi. Nikamwambia ndani mna hewa. Akanitazama, kisha akamwita mumewe aliyekuwa nje akimwagilia miche ya kabichi kwa kopo.

"Njoo umwone shemeji yako. Katoka pwani na mzigo wa hewa."

Nilikuwa nimetoka upande wa kaskazini wa Tanga, kwenye kambi ndogo ya watu wanaoshuka chini ya bahari kutazama samaki. Kazi yangu ilikuwa kusuuza nguo za mpira na kubeba mitungi. Shule niliiacha darasa la sita. Kujifunza nilikupenda, ila kukaa dawati moja mwaka mzima kulinishinda. Tangu hapo nimechuma chai Kwamkoro, nimepakia viazi Lushoto mjini, nimefukuza ndege kwenye mashamba ya Mnazi, na kila nilikopita niliuliza maswali mpaka watu wakachoka. Kule kambini mwalimu wa kuzamia, mama mmoja mkali wa maneno machache, alichoka akaamua kunifundisha ili apate utulivu. Nilipoaga alinipa ile chupa ndogo na pampu yake ya mkono.

"Hiki si kichezeo," aliniambia. "Hewa yake ni ya dakika chache, na dakika za chini hazifanani na za juu."

Chupa yenyewe ilikuwa na urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Juu yake kulikuwa na kipande cha mpira cha kuuma kwa meno, na pembeni geji ndogo kama kifungo cha koti, yenye mshale unaoonyesha hewa iliyobaki. Shemeji aliigeuzageuza mikononi, kisha akasema neno ambalo nilijua linakuja tangu alipoingia mlangoni.

"Basi ndiva imepata dawa."

Ndiva ni bwawa letu la kumwagilia, lililojengwa kwa mawe na udongo juu ya kitongoji. Linajaa usiku kutoka kijito, asubuhi linafunguliwa, na maji yanashuka mferejini kwa zamu, shamba kwa shamba. Tundu la kutolea maji liko chini kabisa ya ukuta, pana kama mdomo wa ndoo, na linazibwa na kizibo cha gogo lililoviringishwa magunia na maganda ya mgomba. Kizibo kina mti mrefu uliosimama mpaka juu ya maji. Wanaume wawili wakiuvuta wakiwa ukutani, maji yanakwenda.

Ule mti ulikuwa umeoza na kukatikia chini ya maji. Kizibo kilibaki tunduni, ndiva ikajaa mpaka ikafurika, na maji yakawa yanarudi kijitoni mbele ya macho ya watu wakati mashamba ya chini yanapasuka. Vijana wawili walikuwa wamejaribu kushuka kwa kubana pumzi. Walitoka midomo ikitetemeka, bila kufunga hata fundo moja. Njia iliyobaki ilikuwa kubomoa ukuta, na ukibomoa ukuta umepoteza msimu. Kabichi za shemeji zilikuwa ndiyo kwanza zimetoka kitaluni. Majani yake yalikuwa yameanza kulala chini.

Ningeshuka mwenyewe, lakini siku ya pili tu baada ya kuacha joto la pwani nilishikwa na mafua, pua zote mbili zimeziba, na masikio yamejaa kana kwamba mtu ameyatia unga. Mtu mwenye mafua hazami. Maji yanasukuma ngoma za masikio kutoka nje, na kama njia ya ndani imeziba hakuna cha kuzisaidia kusukuma nyuma. Nilimweleza shemeji hivyo, nikitumaini habari imekwisha.

"Basi nitashuka mimi," akasema. "Mimi mtoto wa Mnazi, nimeogelea tangu sijavaa suruali."

"Kuogelea si kuzama."

"Nifundishe basi. Au elimu yako ni ya begini tu?"

Dada alicheka. Mimi sikucheka. Nilimtazama yule mtu aliyemtunza dada yangu vizuri na kunipa kitanda kila nilipotokea bila taarifa, nikaona kwamba nikikataa atashuka siku nyingine bila mimi. Nikakubali kumfundisha.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa kuijaza. Alitaka tuipeleke mjini kwa fundi pancha. "Hewa ni hewa, shemeji. Dakika moja imejaa."

"Ile mashine haina nguvu ya kuijaza hii. Na hewa yake ina harufu ya oili. Tairi halina mapafu, wewe unayo."

Tukapampu kwa mkono uani, zamu kwa zamu, tukipumzika kila pampu ilipopata moto, tukifungua kiskurubu cha chini ili unyevu utoke. Mshale wa geji ulipanda kwa uvivu. Majirani walipita wakatusalimu kwa mashaka. Kufika alasiri, fulana ya shemeji ilikuwa imelowa kama ya mtu aliyelima.

Jasho hilo ndilo lililozaa ugomvi wa pili, na huo ulinitisha kweli. Tulikwenda kwenye ukingo wa ndiva, pale maji yanapofika kifuani, nikamwambia auume mpira, achuchumae, apumue kama kawaida, kisha asimame taratibu. Alichuchumaa. Povu likatoka mara moja, likakatika. Alisimama mashavu yamevimba.

"Umebana pumzi."

"Nabana matumizi. Tumetoka jasho kutwa, halafu niimwage ovyo?"

Nikamkalisha kwenye jiwe. Nikamuuliza kama amewahi kuziona pakiti za krispi dukani Lushoto, jinsi zinavyokuwa zimevimba hata hazishikiki, ilhali huko Mombo zilipopakiwa garini zilikuwa za kawaida. Akasema ameziona, alidhani ni ujanja wa wenye kiwanda.

"Ni hewa ya ndani. Kila ukipanda, inatanuka. Sasa hewa unayoivuta ukiwa chini ya maji nayo inatanuka ukipanda. Kutoka Mombo hadi hapa ni mlima mzima, lakini majini kimo chako tu kinatosha. Ukiifungia kifuani, itatafuta pa kutokea. Itapasua."

"Kwa hiyo mimi ni krispi."

"Ukibana pumzi, ndiyo."

Tukarudia. Alibana. Tukarudia tena. Nilianza kumpiga kidole tumboni, chini ya mbavu, kila alipoanza kusimama, na kila nilipompiga alitoa povu kwa mshtuko. Tulifanya hivyo mpaka ikawa nikimgusa tu anapuliza. Lakini nisipomgusa, mara moja moja bado alijisahau. Jioni ile nilimwambia dada simwamini. Akanijibu, huku akimenya viazi, kwamba yeye ameishi naye miaka yote hii na mtu yule hajawahi kutupa hata kipande cha kamba.

Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kitongoji, watu walipanda ndivani na majembe, wengine kusafisha mfereji, wengine kuvuta. Mwenyekiti wa maji, mzee mwembamba mwenye buti za mpira, alikuwa amekwishafika. Nilimpa shikamoo, akaitikia, nikamwomba ruhusa niseme. Nikaonyesha kamba mbili. Ya bluu ilikuwa ya kiunoni mwa shemeji, nitaishika mimi: akivuta mara moja yuko salama, akivuta mfululizo tumtoe. Ya katani, nene, angeshuka nayo aifunge kwenye kisiki cha ule mti uliokatika.

"Kamba ya katani haiguswi," nikasema. "Kizibo kikitoka yeye akiwa chini, maji yatamvuta tunduni kama jani. Hakuna anayeigusa mpaka mumwone amekaa hapa ukutani."

"Mmesikia?" akauliza mzee.

Wakasema wamesikia.

Shemeji alikuja amevaa sweta. Sweta la kahawia, zito, dada alilifuma mwenyewe, na lilikuwa limevutika kwa kufuliwa mpaka likamfika mapajani. Nikamwambia alivue, akasema maji haya ni barafu, kwani nataka afe kwa baridi kabla hajazama? Dada akaingilia: "Mwache, ana kifua." Nikalifunga pindo kwa ile kamba ya kiunoni, nikamkunjia mikono ya sweta hadi viwiko. Alitaka pia afungwe mawe kiunoni ili ashuke upesi. Hilo nilikataa katakata. Jiwe alishike mkononi, ili akitaka kupanda aliachie tu.

Nilitazama mshale wa geji. Nilimshika shingo nikamsogeza karibu.

"Kaa ubavuni mwa tundu, usikae mbele yake. Funga, achia jiwe, panda ukipuliza. Hewa usiihesabu."

"Shemeji, unaongea kama mama yangu," akasema, akauma mpira, akashuka.

Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Alipotea kwa kimo cha kiganja. Kikabaki kitu kimoja tu cha kutazama, povu. Lilikuja, likatulia, likaja. Kamba ya bluu ikavutwa mara moja, nami nikavuta kumjibu. Ya katani ilikuwa ikiingia majini kidogo kidogo, kisha ikasimama. Anafunga. Dada alisimama pembeni yangu, mikono imekunjwa ndani ya kanga. Hata waliokuwa mferejini waliacha majembe.

Yaliyofuata yanahitaji mtu ajue jinsi kwetu tunavyochelewa. Anayechelewa msaragambo hasimami, haulizi, hasalimii kwa kirefu. Anadaka kazi ya kwanza anayoiona, ili mwenyekiti akigeuka amkute ameinama. Ukisimama ukauliza "tunafanya nini?" utachekwa mpaka mavuno. Ndugu wawili wa upande wa chini walitokea kwenye migomba wakikimbia, buti zinapiga miguuni. Waliona kamba nene imenyooka kuelekea majini na watu wazima wamesimama wanaitazama. Mkubwa wao akaidaka, akatoa sauti ya kuvutia magogo. Na ile sauti ikitolewa, mikono haiulizi. Watu walewale waliosema wamesikia waliinama wakashika.

"Acheni!" nikapiga kelele. "Acheni kamba!"

Walikuwa wamekwishavuta. Niliona maji ya juu yakizama katikati, kidogo tu, kama kitambaa kilichobonyezwa kidole. Chini ya ukuta mfereji ulikohoa. Mzee alimpiga mkubwa wa wale ndugu mgongoni kwa fimbo, wakaachia, na kizibo kikajirudisha chenyewe tunduni kwa nguvu ya maji. Mfereji ukanyamaza.

Kamba ya bluu ikaanza kuvutwa mkononi mwangu. Mara nyingi, bila mpango.

Nikavuta. Dada akashika nyuma yangu, akavuta. Shemeji hakuja. Alikuja kidogo, kisha akakwama kama ndoana iliyoshika mwamba. Nikaelewa kabla sijataka kuelewa: kizibo kiliponyanyuka maji yalivuta kitu chake, na kiliporudi kikakibana.

"Tuvuteni tena!" akasema mmoja. "Kikitoka naye anachomoka!"

"Anachomokea tunduni!" nikamjibu. "Anaingia kichwa!"

"Sasa tumwache huko?"

Mikono ilikuwa imesharudi kwenye katani. Nilikuwa na kisu kiunoni, kifupi, ncha butu, cha wazamiaji, nami nilikuwa na kamba ya shemeji mkononi. Ili nishuke, ilibidi niiache kamba. Nikampa dada kamba ya bluu.

"Usivute mpaka utuone. Na hiyo nyingine asiiguse mtu."

Dada yangu ni mfupi. Alijizungushia ile ya bluu mkononi, akaenda akakaa juu ya kamba ya katani, akakaa kabisa, miguu mbele, kama mtu aliyefika sokoni na mkeka wake.

"Atakayevuta," akasema, "aanze kunivuta mimi."

Povu lilikuwa bado linakuja, lakini kwa mbali. Hapo sikujua kama hewa inaisha au anaitunza.

Nilivuta pumzi nikashuka nikifuata kamba. Baridi ilinishika kichwa, kisha masikio. Nilijaribu kuyafungua kwa kubana pua na kupuliza kama nilivyofundishwa. Hayakufunguka. Kila nilivyojivuta chini ilikuwa kama mtu ananiingiza msumari, na upande wa kushoto kitu kikalia ndani ya kichwa changu, halafu uvuguvugu. Sikuwa na miwani. Macho niliyafumba, hayakuwa na kazi.

Nilimpata kwa mkono. Bega, kisha shingo, kisha mpira uko mdomoni. Alinidaka nywele. Mtu aliye chini na hofu anashika chochote, na angeweza kunibakiza naye pale. Nikampapasa shavu mara mbili, taratibu, kama unavyomtuliza ng'ombe wakati wa kukamua. Akaniachia. Nikafuata mkono wake wa kulia mpaka nikakutana na gogo. Mkono wa sweta, ule niliokunja, ulikuwa umejikunjua majini, ukawa mrefu kama soksi, na nusu yake imeingia kati ya kizibo na jiwe. Mkono wake mwenyewe haukuwa chini ya gogo, umekazwa tu na sufi. Nikaingiza kisu kiwikoni nikakata. Sufi iliyolowa haikatiki kirahisi. Nilikata, kifua changu kikaanza kuruka kikitaka hewa, nikakata, uzi wa mwisho ukaachia.

Tulianza kupanda pamoja, na hapo ndipo nilipogundua kwamba usoni pangu hapapiti povu. Alikuwa ameivuta pumzi kubwa, ya mwisho, ya kuondokea, akaifunga. Nilimshika kifua. Kilikuwa kigumu kama gunia lililojazwa na kushindiliwa.

Nikampiga kidole tumboni, chini ya mbavu.

Akapuliza. Povu lilinipasukia usoni, likaendelea, likaendelea, mpaka vichwa vyetu vikatoka juu.

Walitunyanyua ukutani. Shemeji alilala chali akikohoa, mkono mmoja wa sweta, mwingine mtupu. Nilimwinamia nikatazama mate yake kama yana damu. Hayakuwa nayo. Nikamuuliza kama kifua kinauma, kama miguu anaisikia, kama anaona vizuri. Akajibu anasikia miguu ni baridi na anamwona mtu mbaya sana aliyejaa makamasi. Damu ilikuwa sikioni kwangu.

Kisha akainua chupa akaisogeza machoni. Mshale haukuwa umefika mwisho.

"Imebaki," akasema.

Dada alikuwa bado amekaa juu ya kamba. Hapo ndipo alipoanza kulia, na akilia alikuwa akimtukana: bahili, jiwe, mtu wa kutunza hewa! Wale ndugu wawili walisimama na kofia mikononi, mkubwa akajaribu kuomba radhi, mzee akamwambia radhi ataomba kwa kuchimbua mfereji peke yake hadi mwisho. Baada ya hapo dada akanyanyuka, na wakavuta. Kizibo kilitoka, na ndiva ikaanza kushuka kwa mngurumo ambao niliusikia upande mmoja tu.

Nilitaka shemeji apelekwe hospitali Bumbuli. Hewa ikivuja kifuani si lazima ikwambie saa ileile. Alikataa: mzee alikuwa amempa zamu ya kwanza. Tukapatana kwamba atakwenda akimaliza, na kwamba nitakaa naye, na kwamba ataongea muda wote ili nisikie pumzi yake. Hilo halikumpa taabu. Alishuka matuta na jembe akinisimulia bei za kabichi, ujinga wa watu wa upande wa chini, na jinsi ambavyo kule kwenye tundu alianza kupumua nusu nusu alipokwama, kwa sababu alijua nitakuja ila hakujua nitachelewa kiasi gani. Nilimwambia huo ulikuwa ujinga. Sikuwa na uhakika.

Maji yalifika yakiwa na matope, yakaingia mstari wa kwanza wa kabichi. Katikati ya majani na vijiti ulikuja mkono wa sweta, umeviringika, unageuka polepole, ukajisukuma kwenye jembe lake ukatulia. Akauokota, akaukamua kwa uangalifu, akaukagua mahali nilipokata.

"Umekata vibaya," akasema. "Lakini utashoneka."

Akautundika begani, akaendelea kuongea, nami nikaendelea kusikiliza.